Tulivyokwenda Kumposa Mwenyekiti

Jamani, mmeniuliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja nimewajibu vipande. Matokeo yake Zuhura anatangaza mtaa mzima kwamba Bi Mwanaidi ameolewa Amani, Mama Siwema anasema aliyetaka kuolewa ni mimi, na mume wangu, Baba Rukia, ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni wakati wa chakula. Kwa hiyo naandika yote, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi. Anayetaka kuongeza chumvi aonje kwanza, ataona iliyomo inatosha.

Sababu ya safari mnaijua, ila nairudia kwa ajili ya wale wanaokuja kikundini kula tu. Kule juu, mbele ya Amani, yuko mama mjane anaitwa Mama Eliza, mkulima wa iliki. Tulikutana naye kwenye semina Muheza, ile ya kuwashawishi wanawake wagombee uongozi, na yeye peke yake ndiye aliyenyoosha mkono bila kusukumwa. Anataka uenyekiti wa kitongoji. Tatizo ni shemeji yake, Mzee Zakaria, mdogo wa marehemu mumewe na msemaji wa ukoo. Kule mtu asiyesimamishwa na ukoo wake hapati kura hata ya jirani. Mzee huyo alipoambiwa habari za kugombea hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Hakuna aliyekuja kutuomba."

Majina yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Mama Eliza akatupigia simu: "Njooni muombe, la sivyo mimi nabaki na iliki zangu." Ndipo mkatuchagua sisi wawili. Mimi kwa sababu nina mdomo, Bi Mwanaidi kwa sababu ana adabu.

Kutoka Ngamiani mpaka Pongwe

Asubuhi ile mtaro wetu ulikuwa umefurika tena. Nilivuka juu ya matofali nikiwa nimekunja kanga mpaka magotini, huku nikimlaani mwenyekiti wetu wa mtaa, kama kawaida yangu. Bi Mwanaidi alikuwa ng'ambo ananisubiri, amevaa sare yetu ya kanga, ameshika sinia la visheti lililofunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Sinia la nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mtu haendi kuomba mikono mitupu."

Mnamjua Bi Mwanaidi. Nusu ya ndoa za Ngamiani ameziposa yeye. Hata akienda kuazima kinu kwa jirani huanza kwa kusifu ukoo wa mwenye kinu. Mimi nilikuwa na mambo yangu kichwani. Nilikuwa nimehifadhi hotuba nzima ya semina, ina "ushiriki" ndani yake na "ngazi za maamuzi", na nilipanga kuitoa nimesimama.

Gari likaja. Alikuwa Kibwana, yule kijana wa kukodisha muziki, na pikapu yake. Jumapili alikuwa amepeleka biharusi Chumbageni, na riboni nyekundu na nyeupe zilikuwa bado zimebandikwa tangu boneti mpaka mlangoni. Nikamwambia azitoe. Akasema gundi ile ukiibandua inatoka na rangi ya gari, na rangi nitalipa mimi? Nikapanda.

Tulipofika Pongwe tairi likaisha upepo. Fundi alitoka kibandani, akaona riboni, akaona sinia, akaona wanawake wawili wamevaa sare. Akaita watu. Mama wa vitumbua aliacha kikaango motoni akaja kutupigia vigelegele.

"Biharusi yuko wapi?" akauliza, akichungulia nyuma ya gari.

"Hakuna biharusi," nikamwambia. "Sisi tunakwenda kuhamasisha wanawake washiriki katika ngazi za maamuzi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi Mungu awape wepesi, na huyo biharusi apone."

Fundi aliziba tairi vizuri, akakataa kabisa kulipwa, maana gari la harusi kwake ni baraka. Alitaka tu arushiwe pilau tukirudi. Nilianza kumweleza upya, kwa sauti, na nikagundua Bi Mwanaidi ameshamwahidi.

Muheza

Muheza ilikuwa tupite tu. Tukakaa mpaka jua likawa kichwani. Kibwana alisema hawezi kupanda mlima bila machungwa, na machungwa hanunui popote ila kwa mama mmoja anayemenya ganda zima bila kukata, na mama huyo alikuwa amekwenda msibani. Tukamngoja bure. Wauza machungwa wengine walituzunguka na ndoo zao na maswali yao.

"Mnaoza au mnaoa?"

"Hatuozi wala hatuoi!"

"Basi mnaposa," akasema mmoja, ameridhika kabisa, akaenda kuwaambia wenzake.

Nilitaka kushuka nimfuate. Bi Mwanaidi akanishika mkono. Alikuwa anafyonza chungwa la kijani taratibu, macho yake yamesinzia kidogo, kama mtu anayepiga hesabu zake. "Mwache, mwanangu," akasema. "Kwani amekutukana?"

Laiti ningejua! Wakati ule niliona ni uzee tu.

Kupanda Amani

Barabara ya Amani mvua ilikuwa imeila. Kila kona Kibwana alisema "Bismillahi" kwa sauti ya juu zaidi, na mimi nikawa naitikia kwa macho yaliyofumbwa. Misitu ya kule ina baridi ya ajabu. Bi Mwanaidi alijifunika kanga zote mbili, akanyang'anya na yangu ya begani, akaniachia sinia nilipakate.

Tulisimama kunywa chai kwa mama mmoja karibu na kituo cha utafiti. Chai ya iliki na mdalasini, jamani, mpaka pua inafunguka. Tulikula na mihogo ya kuchemsha, na mwenye chai alituuliza tunaelekea kwa nani. Kabla sijameza, Kibwana alishajibu: "Kwa Mama Eliza, yule mjane wa ng'ambo ya mto. Wamekuja kumwomba kwa ukoo."

Hakusema uongo hata nusu neno. Lakini mle kibandani alikuwamo mwendesha bodaboda, na yule bwana hakumaliza chai yake. Aliitazama pikapu, akalitazama sinia, akawasha pikipiki na kupotea mlimani. Mimi nilidhani amepata abiria.

Darajani

Gari lilikomea mtoni. Daraja la pale lilikuwa la magogo, na masika yamelibeba yakaacha magogo mawili, moja limepinda. Kila mwaka mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Hoza, hutangaza kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Bi Mwanaidi aliyatazama magogo, akalitazama anga, akakaa kitako akatambalia makalio, miguu inaning'inia huku na huku. Mimi nilimfuata na sinia kichwani, nimepiga magoti. Watu walikuwa wamejipanga ng'ambo wakituangalia, wamevaa vizuri kama siku ya sikukuu, na kila Bi Mwanaidi aliposogea kidogo walishangilia. Alipofika, akawapungia mkono.

Mama mmoja kijana alishuka mpaka majini kutushika. Nilikaa ukingoni nikamuuliza, hivi na mvua zikija mnavukaje?

"Hatuvuki," akasema. "Masika yaliyopita nilikaa hapa ulipokaa wewe, na uchungu tangu asubuhi. Mto ulikuwa umejaa. Mama Eliza alinishikia mwavuli siku nzima, anaimba ili nisisikie maji. Mtoto hakungoja, mama."

Nililia pale pale, na sioni haya kuwaambia. Yeye ndiye aliyenifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Kisha akaliangalia sinia, akasema kwa unyonge: "Lakini msimpeleke mbali, tafadhali."

"Hatumpeleki popote," nikamwambia. Akashangaa, akafurahi, akakimbia mbele kuwaambia wengine.

Kwa Mzee Zakaria

Mzee Zakaria alitupokea mlangoni amevaa koti na tai. Ndani mabenchi yalikuwa yamepangwa, wazee wamekaa safu mbili, na katikati yao Bwana Hoza mwenyewe, mwenyekiti wa kitongoji, ameitwa kuwa shahidi. Madirishani kulijaa vichwa. Nikajiambia, kumbe hawa watu wanapenda siasa hivi! Mama Eliza alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Nikadhani anapika. Anayezungumziwa hakai barazani, hilo hata kwetu ndivyo, ila sikuliwaza.

Nilikohoa nianze hotuba. Bi Mwanaidi akaniwahi.

"Shikamoo baba, shikamooni wazee wote."

"Marahaba, karibuni sana," akasema Mzee Zakaria. "Shida au salama?"

"Salama, na shida kidogo. Tumesikia humu ndani mna taa, baba. Mwanga wake umetufikia mpaka Tanga. Tumekuja kuiomba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaonekana anaujua wimbo huo. "Taa hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Mnataka kuondoka nayo?"

"Hapana, baba. Ibaki hapa hapa, iwaangazie watu wote wa kitongoji."

Wazee wakatazamana. Mmoja mwenye kofia ya sufi aliinama mbele. "Wote?"

"Wote, baba. Wakubwa kwa wadogo."

Ndipo nikaanza kuhisi kitu hakiko sawa. Mzee Zakaria akajikaza. "Sisi ni Walutheri. Mwenye kuomba ni wa dini gani?"

"Wamo wa kila dini," akajibu Bi Mwanaidi kwa upole.

Mzee wa kofia ya sufi alipaliwa mpaka akaletewa maji. Riboni, sinia, sare, bodaboda, vyote vikanijia kwa pamoja. Nikafungua mdomo niokoe jahazi, na Bi Mwanaidi akanifinya pajani kwa kucha. Alama ninayo, anayebisha aje aione.

Mzee Zakaria alisimama. "Basi mimi nasema hivi. Sisi si watu wa zamani. Shemeji yangu ni mtu mzima na amekaa kwa heshima. Akiridhia yeye, ukoo umeridhia, na hakuna wa kumzuia. Nasema haya mbele ya wazee na mbele ya mwenyekiti."

Bwana Hoza naye akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Nashuhudia," akasema. Ukimtazama usoni ulimwona anavyofurahi. Alikuwa amesikia fununu za kugombea, na kumbe mshindani wake anaolewa.

Mama Eliza akaitwa. Alikuja anafuta unga mikononi.

"Eliza, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Na walilokuja kuomba unalijua?"

"Nalijua."

"Hujalazimishwa na mtu?"

"Nani wa kunilazimisha, shemeji? Mimi ndiye niliyewaita."

Nyumba nzima iliguna. Mjane amejiitia washenga mwenyewe! Jikoni mwanamke mmoja hakuweza kujizuia, akapiga kigelegele. Mzee Zakaria alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaichukua hali kama ilivyo. Akafunua sinia, akachukua kisheti, akakitafuna mbele ya watu wote. Kule kama kwetu, ukila cha aliyekuja kuomba, umekubali, na hakuna tena cha kurudi nyuma. Sinia likazunguka. Bwana Hoza alichukua viwili.

"Sasa," akasema mzee akijifuta sukari mdomoni, "huyo bwana mwenyewe ni nani?"

"Bwana gani?" akauliza Mama Eliza.

Watu wote wakanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. Hotuba ilikuwa imeshakimbia zamani. "Mzee," nikasema, "hakuna bwana. Tumekuja kuuomba ukoo umsimamishe Mama Eliza agombee uenyekiti wa kitongoji."

Kilichosikika ni kisheti cha Bwana Hoza kikitafunwa, kra, kra, halafu nacho kikanyamaza.

"Mmenidanganya," akasema Mzee Zakaria. Niliogopa, nisiwafiche. Niliona daraja, niliona yule mama mjamzito wa masika, nikaona tumeharibu kila kitu kwa sababu ya riboni.

"Baba," akasema Bi Mwanaidi bila kuinuka, "nionyeshe neno langu moja la uongo, nikuombe radhi hapa hapa."

Mzee alifikiri. Ulimwona anarudi nyuma neno kwa neno: taa, ibaki hapa hapa, watu wote, kila dini. Alipofika mwisho alikaa chini.

"Mimi nilishuhudia posa!" Bwana Hoza akapaza sauti. "Siyo hii!"

Kwenye kona, juu ya mkeka, alikuwa amekaa bibi mmoja mkongwe ambaye nilidhani amelala. Kumbe ndiye mama mzazi wa Mzee Zakaria. "Ulishuhudia kwamba akiridhia yeye ukoo umeridhia," akasema. "Au ulikuwa umesinzia, kama kwenye vikao vyako?" Madirishani watu wakacheka mpaka dirisha moja likang'oka bawaba. Kisha bibi akamgeukia mwanawe. "Zakaria, umeshakula."

Mama Eliza hakungoja kupewa nafasi. "Ninyi wote mmevaa nguo nzuri mkaja kunitazama nikiposwa," akasema. "Kikao cha daraja tulikuja wangapi? Tulikuja mimi na mama yule aliyepoteza mtoto. Mimi sitaki mume. Nataka daraja. Nikishindwa kulijenga, mnifukuze kama mnavyofukuza ngedere shambani, ila nipeni niende nikalitafute."

Mzee Zakaria alijifuta makombo mikononi. "Siku ile sikumkatalia," akawaambia wazee wenzake. "Nilisema hakuna aliyekuja kutuomba. Leo wameomba." Akanyoosha mkono, akachukua kisheti cha pili.

Msiniulize habari za chakula cha baadaye. Ugali, maharage, mnavu wa kukaangwa na kuku wawili waliokuwa wamechinjwa kwa ajili ya posa na hawangeweza kufufuliwa. Bwana Hoza alikula kwa hasira, lakini alikula.

Kurudi

Kesho yake Mama Eliza alitusindikiza mpaka mtoni. Mzee Zakaria mwenyewe alituvusha, akimshika Bi Mwanaidi mkono kwa heshima zote, na akasema atampeleka shemeji yake kwenye chama kwa miguu yake. Juzi amenipigia simu: ameshampeleka, na jina limeingia.

Pale mtoni Mama Eliza alinishika bega. "Asante, dada. Na kwenu kuna nini?"

"Mtaro," nikasema. "Unafurika, unaingia mpaka vyumbani. Mwenyekiti wetu ni bure kabisa." Nikamweleza sana, mnanijua.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na safari hii anasimama nani kumtoa?"

Nikasema tunaangalia. Nikasema mambo ni magumu, watu wa mjini si kama wa huku. Akaendelea kunitazama tu. Nikavuka gogo haraka, bila kupiga magoti.

Muheza, mama wa kumenya machungwa alikuwapo. Bi Mwanaidi alipopata lake nilimgeukia. "Niambie kweli. Ulijua kwamba wanadhani tunaposa?"

"Tangu hapa," akasema. "Mwanangu, mimi nimeposa tangu hujazaliwa. Yule mzee alisema hajaombwa. Nikamwomba kwa namna anayoijua." Akatema mbegu dirishani. "Na wewe tatizo lako ni hilo hilo. Hujaombwa."

Pongwe tulimpelekea fundi wa tairi mapaja mawili ya kuku tuliyofungiwa, maana Bi Mwanaidi havunji ahadi. Alituuliza harusi ilikuwaje. Nilimwambia ilifana sana.

Nilipofika nyumbani nilivuka mtaro juu ya matofali yale yale. Sikumlaani mtu. Nilisimama juu ya tofali la katikati, maji meusi yanapita chini, mpaka jirani akaniuliza kama nimekwama.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi, na leo bado siku zipo. Jumapili baada ya alasiri nitakuwa nyumbani. Bi Mwanaidi anajua njia, na sinia liko kwake. Baba Rukia nimeshamwambia kwamba kuna wageni wanakuja kuomba jambo. Hakuuliza jambo gani. Aliuliza tu kama kutakuwa na visheti, na mimi nikamwambia vitakuwapo, ale mpaka ashibe.